Wengi mnasubiri ile filamu ya karafuu, mama yangu anasubiri muziki wake

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa ndugu zangu wa imani nyingine nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nacheka na nyinyi, nabishana na nyinyi kichwani, kisha naweka simu chini naendelea na kazi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu ya ule uzi wa filamu ya historia inayokuja, ile ya watumwa wa mashamba ya karafuu na maisha yao baada ya kuachiwa huru.

Nimesoma komenti zote. Mmoja anauliza waigizaji ni nani. Mwingine anauliza itaoneshwa wapi. Mwingine analalamika kwamba Kiswahili cha kwenye trela ni cha bara.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za muziki.

Mimi nasubiri muziki. Na kwetu Ole, Pemba, kuna mama mtu mzima anayeusubiri kuliko mimi. Nitawaeleza kwa nini, na sitatia chumvi. Mambo yenyewe yana chumvi ya kutosha.

Kwanza mnijue kidogo. Naishi Chake Chake, kazi yangu ni kupiga video za harusi. Narekodi, nahariri, naweka nyimbo, natoa. Ukiona bibi harusi wa Pemba anashuka kwenye gari taratibu kama malkia, jua kuna mtu kama mimi kazipunguza mwendo picha zile kwenye kompyuta.

Ila tangu utotoni ugonjwa wangu ni muziki wa filamu. Wenzangu wakitoka kwenye banda la video wanasimulia ngumi, mimi natoka na ule muziki uliokuwa ukipigwa mtu anapoagana na mama yake. Nilikuwa nauimba kwa mdomo mpaka nyumbani. Walinicheka sana.

Kwa hiyo siku aliponipigia dada mmoja wa Unguja, akasema yeye ndiye anayetunga muziki wa okestra wa filamu ya historia, na anatafuta mtu wa Pemba mwenye vifaa vya kurekodi sauti amzungushe kisiwani, mimi sikuuliza swali la pili.

Nitamwita dada Nuru. Alisomea muziki, anafundisha muziki, na ni mtu mpole wa sauti ya chini. Alishuka Mkoani na begi moja na hedifoni shingoni.

Tulizunguka. Tukaenda Wingwi kwa ile barabara inayokung'oa meno, tukarekodi akina mama wakitwanga. Tukarekodi wachumaji wakiitana juu ya mikarafuu. Tukarekodi mpaka mvua juu ya makuti. Watu walitupokea vizuri, wengine walituimbia nyimbo za kuchumia.

Lakini nilimwona hajatulia. Nikamuuliza, "Dada, vipi, sauti hazikupendezi?"

Akasema, "Zinanipendeza. Ila hizi ni sauti za watu wakiwa wengi. Mimi natafuta kitu cha mtu mmoja. Filamu yenyewe inamhusu mwanamke mmoja aliyeletwa hapa akiwa mtoto. Nina okestra nzima ya kuandikia, na sina pa kuanzia."

Siku hiyo tulikuwa karibu na Ole, nikasema twende kwa mama tukale.

Mama yangu anaitwa Bi Mize. Ni mtu wa maneno machache, mkono wake mzuri kwa mchuzi wa pweza, na wajukuu wote wanalelewa kwake kama vile sisi wazazi ni wageni tu. Tulipofika alikuwa na mtoto wa dada yangu begani, kichanga, analia. Akatutengea chakula huku akimbembeleza.

Akaanza kumwimbia.

Mimi wimbo ule nimelelewa nao. Sisi sote tumelelewa nao. Maneno yake si Kiswahili wala si Kipemba, na tulipokuwa wadogo tukiamini ni maneno ya kuchekeshea watoto tu, yasiyo na maana. Masikio yangu yalishauzoea kiasi cha kutousikia.

Dada Nuru aliacha kula. Mkono ukabaki juu ya sahani.

Mtoto aliponyamaza akauliza taratibu, "Bi Mize, huo ni wimbo gani?"

"Wa kubembelezea."

"Maneno yake ni lugha gani?"

"Ya bibi," mama akajibu, akainuka na mtoto akaingia ndani.

Hapa niwape habari ambayo kwetu haikuwa ikisemwa kwa sauti. Bibi yake mama akiitwa Bi Zawadi. Tunajua aliletwa Pemba akiwa mtoto mdogo sana, na kwamba alikulia kwenye shamba la watu. Basi. Hakuna aliyejua alitoka wapi. Akiulizwa, kila mara alijibu, "Mie wa hapa hapa." Hata hilo jina la Zawadi ni la kupewa na wenye shamba. Mtu hujiuliza alikuwa zawadi ya nani kwa nani, lakini kwetu swali hilo halikuulizwa.

Na kimya kile kilikuwa na sababu yake. Mama alipokuwa msichana alichumbiwa na kijana wa Wete. Nguo zimeshaletwa, siku imeshatajwa. Wazee wa upande wa pili wakaja kuuliza ukoo wa bibi mzaa mama. Jibu likakosekana. Uchumba ukavunjika. Mjomba wangu, Mzee Shaame, kaka yake mkubwa mama, ndiye aliyezikunja zile nguo na kuzirudisha kwa mkono wake.

Baadaye marehemu baba alipoelezwa habari ile akasema yeye anaoa mtu, haoi ukoo. Allah amrehemu.

Kwa hiyo mjue, dada Nuru alipoomba kuurekodi ule wimbo, hakuomba jambo dogo.

Mama alifikiri sana. Mwisho akasema, "Rekodi, mwanangu. Lakini si kwa filamu. Nataka nijue unasema nini. Nimewaimbia watoto wangu wote na sijui niliwaambia nini."

Akaimba. Mara moja tu, amefumba macho.

Habari zilimfikia Mjomba kabla ya magharibi. Alikuja na fimbo yake, hakukaa. Akanikabili mimi.

"Weye umemleta mtu kumchimba dada yangu?"

"Mjomba, ni wimbo tu."

"Hakuna wimbo tu. Ukishasema wimbo wetu si wa hapa, watauliza siye wa wapi. Mie nilibeba nguo za Mize nikazirudisha. Njia nzima watu wananitazama. Nyie hamkuwapo. Sitaki abebeshwe tena uzeeni."

Mama alikuwa kasimama mlangoni anasikia. Mjomba akaondoka.

Wakuu, nilimkasirikia siku ile. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mzee yule hakuwa akijihurumia yeye.

Dada Nuru alirudi Unguja. Zikapita wiki. Mimi nikarudi kwenye harusi zangu, ila kila nikihariri nasikia ule wimbo. Kwa mara ya kwanza nikausikia kama muziki, kwa jinsi unavyopanda kidogo halafu unashuka, kama mtu anayechungulia njia halafu anarudi kukaa.

Kisha akapiga simu. Kampata mzee mmoja anayeishi Dar, asili yake Tunduru. Kampelekea sauti ya mama, na yule mzee kaelewa. Lugha ni Kiyao.

"Unasema nini?" nikauliza.

"Siwezi kumwambia Bi Mize kwa simu. Nakuja."

Na kweli akaja. Asubuhi moja tukamkuta mama ua wa nyuma, amekaa kwenye jamvi anachambua karafuu, anatenga na makonyo, vile vijiti vyake. Dada Nuru akakaa chini karibu naye, akaanza na yeye kuchambua. Waliendelea hivyo kidogo.

Halafu akasema, "Bi Mize, wimbo unasema hivi. Nyamaza, usilie. Mama yetu kaenda kuchota maji. Nyamaza, mama yetu yuko njiani anakuja."

Mikono ya mama ikasimama.

"Basi?"

"Huo ndio ubeti ulioimba. Ndio wote."

Mimi nilidhani atalia kwa ile habari ya mama kuwa njiani. Mtoto aliyechukuliwa mbali na kwao, kabaki na wimbo unaomwambia mama yake anakuja.

Lakini mama alikuwa kashika kitu kingine.

"Umesema mama yetu, au mama yako?"

"Yetu. Yule mzee nilimuuliza mara mbili. Ni yetu."

"Basi anayeimba si mama yake," mama akasema. "Ni ndugu yake. Na mtoto huachiwa dada. Bibi alikuwa na dada."

Akazifunika karafuu kwa kanga kana kwamba kazi imekwisha. Akasema tena, polepole, "Alikuwa na dada anayembembeleza. Miaka yote tunasema bibi hana mtu. Kumbe alikuwa na mtu."

Hapo ndipo akalia. Dada Nuru naye. Mimi nikajitia nakwenda kutazama gari.

Mchana ule ule mama akavaa buibui lake, akaniambia nimpeleke kwa Mjomba. Dada Nuru akabaki nyumbani, alisema hayo ni ya ndugu.

Tulimkuta Mjomba barazani kwake anasoma Kurani. Akafunga msahafu, akatutazama. Mama hakumweleza kitu. Alikaa pembeni yake kama mtoto, akaanza kuimba ule wimbo. Alipomaliza akamwambia maana yake. Akamwambia na habari ya dada.

Mjomba alikuwa anatazama chini. Sakafu ile haina kitu cha kutazama, wakuu, ni saruji tupu.

Kisha akasema, "Umeruka."

"Nimeruka nini, kaka?"

"Kuna mbele yake. Weye ulikuwa mdogo, hukuwahi kulala naye. Mie nililala kitanda kimoja na bibi mpaka nikaanza chuo cha Kurani."

Na Mjomba Shaame, mzee aliyekuja na fimbo kutukataza, akaimba ubeti wa pili. Sauti yake imekwaruza, lakini hakukosea mahali. Mama alikuwa anamtazama mdomo. Mimi nikatoa simu nikarekodi, na yeye aliniona, na hakunikataza.

Alipomaliza akasema, "Nilidhani nitakufa nao."

Sauti ile tuliituma Dar siku hiyo hiyo. Jibu la yule mzee lilikuja kesho yake. Ubeti wa pili unarudia maneno ya kwanza, ila katikati kuna neno moja ambalo Mjomba alilitamka vizuri sana bila kulijua.

Yule mzee akasema, "Hilo si neno. Hilo ni jina. Ni jina la mtoto wa kike. Aliyeimba anamwita mdogo wake."

Wakuu, mnanielewa? Bi Zawadi alikuwa na jina lake. Alilala nalo, akawaimbia wajukuu zake, likakaa kinywani mwa Mjomba maisha yake yote, na hakuna aliyejua kwamba ni jina.

Sitaliandika hapa. Mama kanikataza. Mtaona kwa nini.

Mjomba aliposikia hivyo alimuuliza dada Nuru swali moja. "Huo muziki wenu, utasikika wapi?"

"Popote filamu itakapofika, Mzee Shaame. Hapa, bara, na nje."

"Na jina litasikika?"

"Mkiridhia, litaimbwa."

Akamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Basi liimbwe," Mjomba akasema. "Huyo dada yake alimwita. Na siye tumwite."

Ndivyo wimbo wa kubembelezea wa kwetu Ole ulivyoingia kwenye filamu.

Dada Nuru aliandika muziki kwa miezi. Alinitumia demo moja, ile ya kutengeneza kwa kompyuta yenye vyombo vya bandia. Nilifunga studio yangu mchana nikaisikiliza peke yangu. Inaanza na selo moja, ile fidla kubwa anayoiweka mtu katikati ya magoti. Inapiga ubeti wa kwanza kwa chini kabisa, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ala nyingine zinaingia moja moja, kwa adabu. Kisha zote zinanyamaza, na hapo ndipo mwimbaji mmoja, mwanamke, atakapouimba ubeti wa pili bila chombo chochote. Akilifikia lile jina, okestra yote inaingia.

Kwenye demo mahali hapo palikuwa patupu, sauti ya mwimbaji ilikuwa bado haijarekodiwa. Nilisikia kimya, halafu vyombo. Hata hicho kimya kilinitosha.

Sasa hivi wameshamaliza kurekodi Dar. Wapiga fidla wa taarabu kutoka Unguja wamechanganywa na wapiga vyombo vya kizungu. Dada Nuru alituma kipande kidogo cha mazoezi. Nikampelekea mama na hedifoni zangu nzuri.

Akazisukuma. "Sitaki kipande. Nimekaa na kipande maisha yangu yote. Nataka niusikie mzima, na watu wakiwapo."

Kwa hiyo tunasubiri, na lile jina siliandiki mpaka liimbwe. Na kusubiri kwenyewe kumeibadilisha nyumba yetu.

Mama ambaye hakuwahi kutazama kitu kwenye simu yangu, sasa ananitaka nimwoneshe okestra. Nilimwonesha moja, akatazama kwa makini, kisha akauliza, "Yule mbele mwenye kijiti anamkemea nani?" Nikamweleza ndiye anayewaongoza wote. Akasema, "Maskini, na kuimba haimbi." Siku nyingine akaniuliza kama wapiga fidla wale wameambiwa kwamba wanambembeleza mtoto, au wamepewa wapige tu. Nikampigia dada Nuru nikamuuliza. Akajibu kwamba wameambiwa, na kwamba siku ya kurekodi mmoja wao aliomba apumzike kidogo nje. Mama aliridhika sana na jibu hilo.

Mtoto wa dada yangu sasa anatambaa. Anaimbiwa beti zote mbili.

Lakini si yote yamekuwa asali, niwe mkweli. Mjomba mwenyewe aliwaeleza watu pale barazani baada ya sala ya alasiri. Wengi walinyamaza, wengine walimpa mkono. Bwana mmoja akacheka, akasema, "Kumbe nyie ni watumwa."

Mimi nilikuwapo. Nilitaka kuinuka. Mjomba akaniweka mkono gotini.

Akamjibu, "Siye tulitwaliwa, yakhe. Mtumwa ni jina mlilompa bibi yetu nyie. Yeye alikuwa na lake, na utalisikia."

Nilimrudisha nyumbani Mjomba, na njiani alikuwa anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nilichojifunza, wakuu. Mimi nimeupenda muziki wa filamu tangu utotoni nikidhani unatungwa na watu wakubwa mbali huko, sisi kazi yetu kusikiliza. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa nao begani, jikoni, kila mtoto akilia. Wale wenye wazee bado, wakae nao. Msiwaulize historia, maana historia watakataa kusema. Waombeni wawaimbie.

Sasa komenti zenu nazihitaji kwa jambo moja maalumu.

Wiki iliyopita alikuja kwa mama jirani yetu, Bi Hidaya, mtu mzima kuliko hata mama. Alikaa, akanywa chai, akazungumza habari za mihogo mpaka mimi nikachoka. Alipotaka kuondoka akarudi akakaa tena, akaniambia, "Na kwetu upo."

"Upo nini, Bi Hidaya?"

Akaimba nusu, nusu nyingine kaisahau. Maneno yake sikuyajua. Nimempelekea yule mzee wa Dar, kasema si Kiyao, na si lugha yoyote anayoifahamu yeye.

Kwa hiyo yeyote humu anayejua lugha za huko ziwani, za kusini, za Manyema, popote, au ana babu na bibi wanaozijua, anijibu hapa au aje inbox nimtumie sauti. Ni fupi sana, ina kelele za kuku.

Bi Hidaya aliniuliza, "Mwanangu, na mie naweza kujua nilitoka wapi?"

Nikamwambia sijui, lakini nitawauliza watu.

Ndiyo nauliza.